Pagemu, Nimehamia Nyeupe

Karatu, Jumapili jioni

Pagemu wangu,

Salamu zitakuja baadaye. Kwanza nina neno na wewe, na nimekaa nalo tangu masika, mpaka Mama Neema amechoka kuniona nazunguka uani bila kazi. Ile Nyeusi sinayo tena. Ndiyo, ile ile uliyonipa kwa mikono yako. Nimempelekea fundi wa gemu pale karibu na stendi, nikaongeza kidogo juu yake, nikarudi nyumbani na Nyeupe. Ukitaka kukasirika, kasirika, ila nisomee kwanza mpaka mwisho. Halafu uniambie kwa mdomo wako.

Naandika hadharani kwa sababu umeninyima njia nyingine. Simu inaita mpaka inakata. Ujumbe unausoma, naona umeusoma, na hujibu. Lakini madereva wa utalii tunajuana, wa hapa na waliokwenda Ulaya, na kitu kikiingia kwenye simu ya mmoja kinafika kwa wote kabla chai haijapoa. Hii nayo itakufikia. Na kwa kuwa itapita kwa watu wengi njiani, itabidi nieleze mambo ambayo wewe unayajua. Vumilia.

Wenzangu mnaosoma, Nyeusi na Nyeupe ni mashine za gemu, zile za kuunganisha na televisheni. Zinatoka kampuni mbili zisizopatana, na vijana wa Karatu wanagombana juu yake kuliko wanavyogombana juu ya mpira. Majina yake halisi sitayataja nisije nikawasha moto kwenye vibanda vya gemu. Sisi wawili tuliziita kwa rangi tu, kwa kuwa ya kwetu ilikuwa nyeusi na ya wapinzani ilikuwa nyeupe, na wewe kwenu ng'ombe anajulikana kwa rangi yake kabla ya kitu kingine chochote.

Unakumbuka Nyeusi ilivyoingia nyumbani kwangu? Mimi nimelala na mguu kwenye plasta. Gari lilikuwa limeteleza kule juu kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro, ukungu umefunga, mvua haikatiki. Wageni walitoka wazima, gari likapona, ulioumia ni mguu wangu peke yake. Msimu ukawa unaisha bila mimi. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Mama Neema akileta uji, nasema wa moto. Akiupoza, nasema wa baridi. Nadhani ni yeye aliyekuita, ingawa mpaka leo anakataa.

Ukaingia umebeba kitu ndani ya shuka, umekikumbatia kama mtu aliyebeba ndama. Ukakiweka juu ya meza, ukafungua fundo, ikatoka hiyo Nyeusi, na pedi zake mbili na waya zake. Ulikuwa umeitoa Arusha, mkono wa pili. Nikakuuliza mtu mzima anafanya nini na gemu. Ukasema mtu mzima anayelia kwa sababu ya uji anahitaji hata mwanasesere. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa na mguu.

Kisha ukafanya lile jambo. Ukasimama, ukaacha utani, ukasema mbele ya mke wangu:

"Kuanzia leo usiniite jina langu. Nimekupa gemu, kwa hiyo wewe ni Pagemu wangu, na mimi ni Pagemu wako."

Nilidhani bado unatania. Mimi ni Mwiraqw wa Endabash. Kwetu ukipewa kitu unashukuru, unakula, yameisha. Ukanieleza taratibu kwamba kwenu Umasaini mtu akikupa mfugo kwa moyo wake, mnaacha kuitana majina mliyopewa na wazazi. Mnaitana kwa ile zawadi. Akikupa kondoo mnakuwa Paker, wewe na yeye, wote wawili. Akikupa ng'ombe mnakuwa Pakiteng. Nikakuambia gemu si mfugo. Ukasema hii inakula umeme, inapiga kelele, na ukiiacha siku mbili inakuumiza roho, sasa tofauti iko wapi?

Basi jina likashika. Mguu ulipopona tukarudi barabarani, na kule chini kreta nilikuwa nakusikia kwenye redio ya gari, "Pagemu, Pagemu, faru yuko upande wa ziwa," na madereva wengine wanaingilia kucheka. Getini walinzi wakaanza kutuita wakina Pagemu. Mwaka haukuisha, watu wengi wakawa hawajui majina yetu mengine. Mimi nililipenda lile jina. Sikuwahi kukuambia, lakini nililipenda sana.

Na tulicheza nini? Hapo ndipo watu walipotuona hatuna akili. Mchana kutwa tunaendesha kwenye vumbi na mashimo, tunashuka tumepigwa migongo, halafu jioni tunakaa mbele ya televisheni kuendesha malori kwenye matope. Maana gemu letu lilikuwa lile la malori, la kubeba magogo na mapipa kwenye njia mbovu. Halina mbio. Unatembea pole pole, unakwama, mwenzako anakuja na winchi anakuvuta. Mama Neema aliwahi kusimama mlangoni na mwiko mkononi akauliza kama kweli haya ndiyo mapumziko. Ukamjibu kwamba haya matope hayachafui nguo, na wewe ndiye unayejifulia, kwa hiyo akuache.

Lakini mimi nilijua siri yake. Wewe ukiwekwa uso kwa uso na mtu unakuwa bubu. Nimekuona kwenye harusi, nimekuona kwenye vikao, unajibu "sawa" na "ndiyo" basi. Ukitaka kuzungumza lazima mikono iwe na kazi na macho yawe yanaangalia kitu kingine. Uliniambia ndivyo mlivyokua machungani, wawili mnawatazama ng'ombe, hamtazamani, na maneno yanatoka yenyewe. Kwenye gari ulikuwa hivyo. Mbele ya Nyeusi ulikuwa hivyo. Habari za kifo cha baba yako ulinipa huku unanivuta kutoka mtoni, lori langu limezama mpaka dirishani. Ukasema, "Kaza kushoto. Mzee amefariki jana. Usikanyage mafuta sasa, subiri." Nikasubiri. Tulilia wote wawili bila kugeuza shingo.

Ndiyo maana ulipomfuata mkeo kwao Ujerumani sikuogopa sana. Watu walisema huyo ndiyo ameondoka, mzungu ameshambeba. Mimi nilijua una mpango. Kabla hata hujanunua koti la baridi ulinunua Nyeusi nyingine ya aina ile ile, ili tukutane mtandaoni. Kila Jumapili nikitoka kanisani, nikila, nafungua bando, navaa hedifoni, na wewe uko pale. Lori lako na lori langu. Sauti yako masikioni mwangu, ile ile, na lafudhi yako ile ile ya kwenu Wasso inayonifanya nikuchokoze.

Ulinisimulia mengi ukiwa kwenye hayo matope. Kwamba mabasi ya huko yanafika kwa dakika yake na ndani hakuna anayesalimia. Kwamba uliwahi kusalimia watu wote kituoni, wakakutazama kama umewaomba kitu. Kwamba mtu anakuuliza unatoka wapi, unataja Ngorongoro, anasema aliona kwenye filamu, kisha anakuuliza simba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuuliza habari za mama yako. Tulicheka. Tulicheka sana mwanzoni.

Halafu ukaanza kupungua. Sijui neno lingine la kutumia. Ulikuwa unakuja lakini huchukui mzigo. Mimi napakia magogo, wewe umeegesha lori kando ya maji, taa zinawaka. Nikakuuliza unafanya nini hapo. Ukasema unasikiliza injini. Jumapili nyingine nikauliza habari za shemeji, ukasema yupo. Iliyofuata nikauliza tena, ukasema nivute winchi, na winchi ulikuwa huihitaji, umesimama mahali pakavu.

Kisha masika yakaingia na ujumbe wako ukaingia. Nimeusoma mpaka nimeukariri. "Nimeuza Nyeusi. Nimechukua Nyeupe. Kule sitakuwepo tena."

Basi. Hakuna salamu, hakuna Pagemu, hakuna sababu.

Sasa nikuambie hasira yangu ilivyokuwa. Nyeusi na Nyeupe hazionani. Fundi alinieleza kwamba siku hizi yapo magemu yanayokubali watu wa mashine mbili kukutana, lakini hili letu la malori, kwa toleo tulilonalo, halimo. Aliye Nyeusi anacheza na wa Nyeusi, aliye Nyeupe na wa Nyeupe. Na wewe ulilijua hilo kuliko mimi, ni wewe uliyenifundisha. Kwa hiyo nilichosikia kwenye ule ujumbe ni kwamba umefunga mlango, ukatia na kufuli. Nilisema nyumbani, tena kwa sauti, kwamba huyu amerudisha jina lake. Ameona Pagemu wa Karatu hamfai.

Siku nyingine nilikuwa nafikiri tofauti, na hapo hasira inageuka hofu. Dereva mmoja aliyepita huko alirudi na habari kwamba wewe na shemeji hamkai tena nyumba moja. Mwingine akasema ulionekana umekonda. Nikawa najiuliza kama uliuza ile mashine kwa shida, ukapata hiyo nyingine kwa bei nafuu, ukaona aibu kusema. Au hukutaka mtu anayekujua asikie sauti yako ilivyokuwa. Kama unanikimbia au umeanguka, sikujua, na mpaka naandika hapa sijui. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningejua unanikimbia, ningekutukana nikalala.

Neema akaniambia jambo jepesi tu, kwamba baba, nunua na wewe Nyeupe. Nikamwambia hajui anachosema. Kwenye nyumba hii hatuwezi kufuga mashine mbili na ada ya shule inasubiri mlangoni. Kuichukua Nyeupe ni kuitoa Nyeusi, na Nyeusi ndiyo jina letu. Nikiitoa, kesho nikikutana na mtu akaniita Pagemu, nitaitika kwa haki gani? Mke wangu akauliza kama nimeoa hilo dude. Nikakasirika, nikatoka nikaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Ukweli ni kwamba nilibaki kwenye Nyeusi nikikusubiri. Kila Jumapili navaa hedifoni, nawasha, nakaa. Orodha ya marafiki ina jina moja, lile la fahali wa nyumbani kwenu ulilojiandikisha nalo, na limezimwa. Naendesha peke yangu. Nikikwama najitoa mwenyewe. Nilijisemea kwamba mimi ndiye mwaminifu, mimi ndiye niliyebaki mahali tulipoachana, kwa hiyo wewe ndiye wa kurudi. Nilijivunia hilo kabisa.

Msimu ulipokuwa bado umelala nikapanda basi la Wasso kwenda kumwona mama yako. Unaijua hiyo safari, nilifika mweupe kwa vumbi mpaka kope. Nilibeba sukari, majani ya chai na mchele. Yeyo, kama mnavyomwita mama kwenu, yuko mzima, magoti tu yanamsumbua asubuhi. Alinikamata mkono akaniangalia usoni muda mrefu kuliko ninavyopenda kuangaliwa, kisha akauliza kama unakula.

Nikasema sijui, Yeyo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema anakula vizuri, anakusalimia sana. Pale mbele yake nikashindwa.

Hakulia. Alisema simu yako iliingia mara moja wakati wa mvua, ukasema "mama", kisha ikakatika, na tangu hapo hakuna kitu. Mdogo wako amejaribu kupiga, inaita tu haipokelewi. Akaniuliza mimi huwa nakupata wapi. Sasa Pagemu, hebu fikiria mimi nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama yako, ndama wananilamba suruali, namweleza habari za gemu. Nilichora kwa kijiti mavumbini. Hapa Ujerumani, hapa Karatu. Kuna Nyeusi, kuna Nyeupe, aliye huku hamwoni aliye huku. Kiswahili chake ni cha mnadani, cha maneno machache, lakini hakuuliza swali hata moja la kijinga.

Akauliza, "Sasa mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia, kwenye Nyeupe.

"Na wewe?"

Kwenye Nyeusi.

"Basi mbona unakaa huko?"

Nikaanza kumweleza kwamba ile ni zawadi, ndiyo iliyotupa jina, mtu hawezi kuuza jina. Nilijieleza kwa heshima, nikidhani namfurahisha mama wa Kimasai kwa kushika mila yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekwama kichwa kwenye sufuria. Akaniambia kwamba marehemu baba yako alikuwa na Paker wake, mzee wa ng'ambo ya korongo, ambaye wewe unamfahamu. Kondoo aliyewapa lile jina alichinjwa wiki ile ile, wakati wewe bado hujazaliwa, na Yeyo mwenyewe alikunywa supu yake. Mifupa hata mbwa wameisahau. Lakini baba yako alipougua, aliyelala naye hospitali ni Paker. Aliyechimba kaburi ni Paker. Na mpaka leo yule mzee akipita njiani anauliza mke wa Paker ameamkaje.

"Kondoo huliwa," alisema. "Mtu ndiye hufuatwa. Mfuate."

Wewe uliponieleza mila ile hukuniambia sehemu hii, au uliniambia nikawa nimelewa dawa za mguu. Miaka yote nimeifuta vumbi ile mashine, namkemea Neema akiweka kikombe juu yake, nikidhani nalinda jina. Sisi Wairaqw tukishika la watu tunalishika kwa meno, hata pasipotakiwa.

Niliporudi Karatu nikaitoa Nyeusi, nikaifuta mara ya mwisho, nikaifunga kwenye shuka lile lile. Fundi akasema lazima afute kumbukumbu kabla hajaiuza. Nikamwuliza kama vilivyomo vinaweza kuhamia kwenye Nyeupe, akatikisa kichwa. Malori yetu yote, Pagemu. Lile lako jekundu lenye taa juu, karakana yetu, njia tulizofungua moja moja. Akabonyeza, kikaanza kijistari kinajaa pole pole kwenye kioo. Nikasema natoka nje kidogo kupokea simu. Hapakuwa na simu. Nilisimama kwenye jua nikatazama pikipiki zinavyopita mpaka akaniita.

Neema amefurahi, kwa sababu Nyeupe ina mambo mengi mapya, ingawa sidii zake zote za zamani sasa ni za kuwekea vikombe. Mama Neema alinipikia makande akaweka na maziwa ya mgando pembeni. Mimi nimeanza upya na kalori kadogo kasikoweza kuvuta hata gogo moja. Nakipanda kilima kile cha kwanza, nateleza, narudi chini.

Nilitafuta jina la fahali wenu nikalipata. Nikatuma ombi la urafiki. Nyeupe inaonyesha mtu alipoingia mara ya mwisho, na wewe unaingia. Uliingia jana. Uliingia na juzi. Kwa hiyo uko hai, unashika pedi, unakaa mahali fulani mbele ya kioo, na nilipoona hivyo nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mtoto akaja kuangalia kuna nini. Lakini ombi langu limekaa pale wiki kadhaa. Hujalikubali, hujalikataa. Leo baada ya ibada nimekaa nalitazama mpaka bando likaisha.

Sasa nisikilize. Kama ni ndoa, ndoa zinavunjika hata hapa Karatu, na watu wanaendelea kununua nyanya. Kama ni kazi, kama ni makaratasi, kama umekosa nauli, sema. Kama unaogopa kurudi mikono mitupu, watakaokucheka ni wale wale waliocheka kwenye redio, na watacheka siku mbili, kisha watakuomba uwaazime jeki. Chumba cha uani kipo. Kazi ya kuendesha haijakusahau, bosi wetu wa zamani ameniuliza habari zako mara mbili bila mimi kumwambia lolote. Na kama hutaki kurudi, usirudi, kaa huko uishi. Mimi sikuombi urudi. Naomba nijue kama unakula.

Na kama kweli unanikimbia mimi, nimekubali. Itaniuma, lakini mtu mzima ana haki ya kuchoka na rafiki yake. Bonyeza kukataa, jina langu litoke mbele yako. Ila usibonyeze wiki hii. Nitakuambia kwa nini.

Jumamosi Yeyo anakuja Karatu. Magoti yale yale, basi lile lile. Nilimpigia mdogo wako kumpa habari kwamba nimekupata upande wa Nyeupe, kwamba unaonekana lakini husemi, na nilidhani yameishia hapo. Kesho yake akanipigia mama mwenyewe, akasema nimwekee mto kwenye kiti kilicho karibu na hiyo mashine. Hajui kushika pedi na hataki kujifunza. Nitaendesha mimi, yeye atavaa hedifoni. Nimemweleza kwamba huenda usijibu. Akasema hajaniuliza hilo.

Kwa hiyo Jumamosi alasiri lile ombi litakuwa bado linasubiri; ukilikubali utaona kalori kadogo kamesimama pale mwanzo wa njia, na usidhani ni mimi nakusumbua tena. Mimi nitakuwa na pedi tu. Atakayekuwa anapumua kwenye maiki ni mama yako.

Salamu nilizokunyima mwanzoni ndizo hizi, za nyumba nzima, na Neema anasema shikamoo.

Ni mimi,
Pagemu wako